Mikwajuni Haiuzwi

Mikwajuni,
Kibiti.

Kwa mdogo wangu Nasibu,

Assalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima wewe, shemeji Muzdalifa, na hao wajukuu mliowapa majina ya kwenye televisheni. Magoti yako yanasemaje? Yangu yananinung'unikia kila ninapoinuka kwenye msala, nami nayajibu. Shemeji yako Mwanaharusi anakusalimu, ila kanambia niandike kwamba kwenye picha umenenepa vibaya. Naandika kwa karatasi kwa sababu simu unaikata kila ninapoanza kukushinda.

Yule dalali wako Dulla alifika. Alivaa viatu vya ncha, na kwenye mchanga wetu akawa anatembea kama kuku aliyefungwa miguu. Alisimama kwenye kiwanja alichotuachia baba, akanieleza kuwa mnunuzi anakitaka chote, nusu yangu na nusu yako, ajenge kituo cha mafuta na nyumba ya wageni. Akasema majirani nao watauza wakiona sisi tumeuza, wewe umeshakubali, na mimi tu ndiye ninayewachelewesha. Nikamwambia ni mazoea, hata darasa la nne nililichelewesha mpaka likaniacha. Halafu akauliza kwa nini nyumba zetu zimeipa barabara mgongo. Ati tumeyakataa maendeleo.

Yeye sikumjibu. Wewe nitakujibu, maana siku tulipohamishwa bondeni ulikuwa mgongoni kwa mama, hukuona kitu ila khanga. Wazee walishushwa hapa na lori, wakaambiwa mafuriko basi, sasa kijiji ni hiki. Hawakubisha. Ila kila mmoja alielekeza mlango wake uliko mto, ili akifungua asubuhi aione njia ya kurudi. Baba alijenga kwa kamba tupu, msumari hakuutaka, akisema nyumba ya kamba hufunguka upesi siku ya kuondoka. Mnazi hakuna aliyepanda, maana mnazi hupandwa na mtu anayekaa. Na aliyekufa alirudishwa bondeni akazikwe na wenziwe, kwa baiskeli, kwa mtumbwi, hata mvua ikimwagika. Ndiyo maana watu wa mjini Kibiti wanatuita wapangaji. Mpaka leo wanatuuliza, kijiji gani hakina kaburi hata moja?

Aliyetuharibia ugeni wetu ni Huseni, mtani wangu Mmatumbi. Alishuka milimani na wembe wake wa kunyolea na mkewe Zaitun, akapanda minazi bila kumuuliza mtu. Wazee wakamcheka kwamba Mmatumbi hana habari, sisi tunaondoka. Akawajibu waondoke salama, wamwachie nazi. Basi miaka ikapita, hatukuondoka, na nazi zake tukazila.

Sasa mji umetufikia puani. Bodaboda zinaingia mpaka uani, na muziki wa sokoni tunausikia bila kiingilio. Lakini mpunga ukianza kukomaa wanawake bado wanaukaanga mbichi na kuutwanga uwe pepeta, na harufu yake humtoa mgonjwa kitandani akaulizie nazi. Mtoto akilia hapa anajibiwa na nyumba zote. Wewe huko Mbagala jirani yako alipofariki ulijua kwa kuona turubai.

Kifo cha Huseni nilikupigia mwenyewe nikakueleza. Mazishi ndiyo sikukueleza. Kabla hajakata roho alituusia mimi na Zaitun kwamba anataka kulala hapahapa, karibu na minazi yake. Nduguze wakaja na gari kutoka milimani, wakasema Mikwajuni hakuna makaburi, watamrudisha kwao. Zaitun hakubishana nao. Alinitazama mimi tu.

Haki ya mtani msibani unaijua, kuzuia maiti isitoke mpaka alipwe. Jeneza lilipotoka nikajilaza chali njiani mbele yake, kofia kifuani. Wakadhani nataka hela ya utani, wakanirushia. Nikawarushia wao. Shehe Saadi akainama akaninong'oneza kuwa utani una mwisho wake. Nikamjibu kuwa mwisho wake leo ni hapa nilipolala, na akitaka aniswalie mimi pia. Majirani wakacheka, wafiwa wakakasirika, na jeneza likawa linawaelemea mabegani. Mwishowe Bashiru, kaka wa marehemu, akaniuliza kwa hasira, haya mtani, tumzike uani kwa nani?

Nasibu, nilinyoosha kidole kwenye kiwanja chetu. Ile nusu yangu, ya mbele, iliyoko barabarani. Shehe akaniuliza kama akili zangu ninazo. Nikasema mbele ya watu wote kwamba nusu yangu nimeiweka wakfu, ni makaburi ya Mikwajuni, haiuzwi, hairithiwi, wala hairudi. Bashiru akaomba jembe. Huseni tukamzika pale, na alasiri haikuwa imeingia.

Nusu yako sikuigusa. Iko palepale, nyuma ya marehemu. Iuze ukitaka, ila mweleze mnunuzi malori yake ya mafuta yatapita juu ya nani. Juzi Dulla alimleta. Wakaliona kaburi bichi, wakasoma fatiha, wakapanda gari.

Utasema nimekuharibia. Ndiyo, nimekuharibia, tena kwa makusudi, na nikipewa kiwanja kingine nitaharibu tena. Mimi bondeni sipelekwi. Mwanaharusi nimeshamwonyesha mahali pangu, ubavuni kwa Huseni, kwa mbali kidogo, maana alikuwa akikoroma. Na pako papo, mdogo wangu. Siku yako ikifika hutahitaji kuniomba ruhusa, wala kumtafuta dalali.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na majirani zako kama unawajua. Zaitun anakusalimu. Usiponijibu nitajua umekasirika. Ukinijibu nitajua umekasirika na karatasi unayo.

Wasalaam,

Ni mimi kaka yako,
Mshamu