Urefu Wangu Katika Nyumba ya Watu

Mama yangu mpenzi,

Juzi niliingia katika nyumba ile ya Jeddah ulimofanya kazi miaka saba. Nilipita mlango wa mbele, ule ambao ulisema wewe hukuwahi kuupita, na hakuna aliyeniuliza kitu.

Nilitoka Riyadh kwa ndege, peke yangu, hospitali ninayofanyia kazi imenipa ruhusa ya siku mbili. Mambo yamebadilika huku, Mama. Wanawake wanaendesha magari, na majumba ya matajiri wa zamani yanakarabatiwa ili watu wayatazame. Lako limepakwa chokaa upya. Mwanga wa alasiri ulipenya vitundu vya yale madirisha ya mbao, ukatapakaa sakafuni, hadi nikajihisi natembea ndani ya maji.

Aliyetutembeza, mimi na wageni wengine, ni binti wa Kisaudi, Rim. Alitueleza habari za mwenye nyumba, meli zake, wageni wake, mazulia yake. Aliyeyafagia hakutajwa. Nikapanda ngazi, nikisikia kama kandambili zako zinanitangulia.

Juu kabisa, kando ya jiko, kuna chumba kidogo. Rim alinionyesha mwimo wa mlango.

"Mafundi walikuta alama hizi chini ya rangi. Tunadhani ni za watoto wa nyumba hii."

Nikainama. Mistari saba ya penseli, na kando ya kila mmoja mwandiko wako ule unaolalia kushoto: Zuhura, Idi. Zuhura, Idi.

Kila mwaka, Idi ya Ramadhani, Bibi alinisimamisha ukutani pale Mombasa, akanipima kwa uzi kutoka utosini hadi kisiginoni, akaukata na kuutia ndani ya barua. "Simama sawa, mama yako akushonee gauni." Na gauni lilikuja kweli. Kumbe uzi ule ulikuwa na kazi ya pili.

"Si watoto wa hapa," nilimwambia Rim. "Ni mimi. Na sijawahi kukanyaga hapa."

Alinitazama, akatazama mwimo. "Mama yako aliitwa nani?"

"Mwanaisha."

Akalitamka jina mara mbili ili asilikosee, kisha akawaita wageni waliobaki chini: "Yalla, njooni juu! Kuna mtu sikuwaeleza habari zake."

Mama, uliporudi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Ulinyoosha mikono, nami nikajificha nyuma ya Bibi, nikamuuliza kwa sauti, makusudi usikie: "Huyu mama ataondoka lini?" Hukunigombeza. Tuliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo, ukinisuka, tukicheka, na neno lile hatukuligusa hata siku moja. Nilitaka kuamini umelisahau.

Nisamehe. Nilidhani hukuniona nikikua.

Mola ayanawirishe makao yako ya milele.

Ni mimi, mwanao,
Zuhura