Otto Haruki Tena

Mpendwa mshauri wa gazetini, Bi Verna, naomba msaada, na kwanza ujue anayekuandikia ndiye mwenye mbwa aliyeruka mbali kuliko mbwa wote duniani. Haya, si duniani, ni kwenye maonyesho ya wilaya yetu, mashindano ya mbwa kurukia majini kufuata mpira, futi ishirini na nne kutoka ukingo wa gati mpaka mkia ulipogusa maji, maana wanapima shina la mkia, si pua, ingekuwa pua hata mimi ningeweka rekodi, na rekodi yake nayo ilivunjwa mwaka jana na kijibwa chembamba kama mwiko. Zamani, kwenye gati letu la nyumbani, mimi nilikuwa nikimshika mbwa huyo, Otto, huku nyuma na marehemu mke wangu Arlys akisimama ukingoni akirusha mpira, sasa namshika mwenyewe, narusha mwenyewe, naye anakaa kitako anageuka kuutazama mlango wa jikoni alikokuwa akitokea Arlys, nami nageuka naye, tunakaa hivyo mpaka mbu watufukuze. Juzi jirani yangu Lorna, mwalimu mstaafu asiyejua kunong'ona, akaja gatini akaniambia, "Mzee wewe, mbwa ana miaka tisa, unangoja achakae kama wewe? Lete mpira nirushe." Nikamwambia mpira umepotea. Uko mfukoni mwangu hata sasa. Bi Verna, Otto akikubali kuruka kwa mpira wa Lorna, basi katika nyumba hii atakayebaki kumngoja Arlys ni mimi peke yangu. Maonyesho ni Jumamosi ijayo, nimpeleke au nisimpeleke? Na jina langu usilitaje, nililivuta gari lako kwa trekta lilipoteleza kwenye theluji likaingia mtaroni, hujaninunulia hata kahawa.

Mzee wangu,

Jina silitaji, ila umeshataja mbwa, mke na jirani, sijui unataka nimfiche nani. Pole sana. Lakini acha kumsingizia mbwa. Anayemngoja Arlys ni wewe. Otto anangoja mtu wa pili. Mlimfundisha mkiwa wawili, ataruka vipi kwa mmoja? Na Lorna akirusha, nani atamshika? Kazi yako ipo palepale, hakuna aliyekunyang'anya, umeitoroka tu, na mpira wa watu umeuficha kama mtoto aliyeiba peremende. Aibu.

Leo, kabla ya chakula cha jioni, mpelekee Lorna huo mpira mlangoni kwake, na uombe radhi kwa uongo. Jumamosi nenda. Akiruka futi kumi, ni kumi. Ukilia, lia, ila mkanda wa shingoni usiuachie mapema. Kahawa yako nitakuja nayo.

Na umfundishe Lorna kurusha juu, kama nilivyomwona Arlys akirusha, si mbele. Wa kumwonyesha umebaki wewe tu.