Nilimpima Mzee Bila Kumwona

Mshauri mpendwa, naomba msaada, yamenifika shingoni na nyumbani sina wa kumwambia. Kazi yangu ni kuzunguka majumbani kupima wazee, nani anaoga mwenyewe, nani anainuka bila kushikwa, ili ofisi ijue atumiwe msaidizi au la, sasa mwezi uliopita nikafika kwa fundi saa mmoja mstaafu, mlango una kufuli, nikabisha dirishani, sauti ikatoka nyuma ya pazia, "Uliza hapo hapo, mwanangu," nami nina nyumba tisa zinanisubiri, basi nikauliza, unaoga mwenyewe, "Naoga," unapika, "Napika," nikamwambia ainuke nisikie, kiti kikaburutwa, hatua nne zikaja hadi dirishani, nikaandika hahitaji msaidizi, nikaenda zangu. Juzi nimerudi kuchukua sahihi, nikamkuta jirani mwenye ufunguo akimpelekea chakula, akanishangaa, "Dada, ulizungumza na nani? Mzee amepooza mwaka wa pili huu, hata jina lake hatamki." Nikaingia. Chumbani kuna kitanda tu, kiti hakuna, mzee kalala chali ana vidonda mgongoni, kanikazia macho, na wallahi pazia lilikuwa linatikisika na dirisha limefungwa! Nikatoka mbio. Nikisema ofisini nitafukuzwa, nikinyamaza silali, na siku hizi kila mlango ninaobisha nasikia "Naweza, mwanangu" kabla sijauliza. Yule ni nani?

Mpima Wazee

Mpima Wazee, pole, hata mimi nywele zimenisimama. Lakini tuambiane ukweli, dada yangu. Yule ni nani sijui, na sitajifanya najua. Ninachojua ni kwamba ulitumwa kupima mwili ukapima sauti. Haraka haraka haina baraka, na ulioilipia haraka yako ni mgongo wa mtu. Halafu umeviona vidonda kwa macho yako, ukakimbia pazia! Yeye akimbilie wapi?

Nenda kwa msimamizi wako leo, useme, "Niliandika bila kuona." Akikufukuza, utatafuta kazi nyingine, riziki haiko mlango mmoja. Fomu ifutwe, muuguzi na msaidizi wapelekwe wiki hii. Na zile nyumba tisa ulizokuwa unazikimbilia, rudi ukazipime upya, uwaone watu wenyewe.

Ila kabla ya ofisi, pitia kwa mzee. Chukua ufunguo kwa jirani, uingie. Usimuulize chochote. Mgeuze ubavu.