Mkono wa Baba na Kadi Uliyotutumia

S.L.P. 418,
9 Juni.

Mpendwa kitinda mimba wetu,

Hujambo huko? Kifua kimekuachia, au baridi bado inakutesa? Sisi tunapumua, ila moyo umenielemea, na kosa ni langu.

Kadi ya picha uliyomtumia Baba, ile ya kutia ndani ya kompyuta ili michezo ionekane vizuri, ilifika salama. Fundi wa kompyuta akaifunga mahali pake, Baba akakaa mbele ya ile televisheni kubwa na usukani wake wa mchezo, akatabasamu kwa upande wa uso ulio mzima. Daktari mwenyewe ndiye aliyeshauri mchezo huo wa malori, ili mkono uliopooza kwa kiharusi uamke. Mtu aliyeendesha lori miaka thelathini angecheza nini kingine?

Siku ya tatu akaacha. Kila akikata kona, lori linachelewa, linaparamia ukuta. Mara nne. Akauweka mkono pajani kama kitu cha mtu mwingine, akasema, "Umekufa tena." Wiki nzima hakugusa usukani, na mazoezi ya daktari akayakataa.

Nikamrudia fundi. Alipowasha mchezo akaweka namba pembeni ya kioo: picha kumi na nane kwa sekunde.

"Hapa zinatakiwa kama sitini," akasema. "Mkono wa mzee unageuza usukani kwa wakati. Picha ndizo zinazochelewa."

Nikabisha, mbona kadi ina memori ya GB nane? Akacheka. "Dada, memori ni ghala tu. Mpakuzi ni chipu, ndiyo inayochora picha, na ya kadi hii ni dhaifu. Halafu mlango wa ghala lenyewe ni mwembamba, mzigo unatoka kidogo kidogo."

Mdogo wangu, uliponiuliza tununue ipi, mimi ndiye niliyekujibu, "Yoyote yenye memori kubwa." Usijilaumu.

Fundi akapunguza ukubwa wa picha na vivuli, namba ikapanda hadi sitini. Alipotaka kuiondoa, Baba akamzuia. "Iache hapo. Nikigonga, nijue ni mimi au ni mashine."

Jana akagonga. Nikatupa jicho pembeni: sitini. Wallahi nilitamani iwe kumi na nane. Baba naye aliitazama. "Hapo nilikuwa mimi," akasema. Kisha, kwa mkono ule ule mgonjwa, akarudisha lori nyuma polepole, akaiendea kona upya.

Mpigie simu. Usimwulize mkono, mwulize barabara.

Mama anakusalimu, na shangazi, na shemeji yako ambaye bado anadai koti lake. Mola akufunike popote ulalapo.

Wako akupendaye bila kupungua,
Dada yako mkubwa.