Nafasi Kumi na Tano

Dandora,
Jumapili, baada ya ibada

Kwa Baba, mwenye boma,

Pokea mikono yangu yote miwili. Mguu umeamkaje? Ile dawa ya kupaka niliyokutumia, unapaka ama Mama ameipaka ng'ombe? Mama naye, usingizi umemrudia? Na ng'ombe wetu Malaika amezaa, ama bado anatuzungusha na hilo tumbo lake? Nauliza yote mara moja kwa sababu barua haikatwi na mtandao, na kwa simu wewe unasikia na sikio moja, tena hilo moja umelifunika na kofia.

Mimi niko. Wacha niseme hivyo tu, niko. Hapa soko la Gikomba bado mimi ndiye mfalme wa viatu vya mitumba, hakuna anayebisha. Juzi nimemuuzia mwalimu mmoja kiatu cha Mwitaliano, nikamwambia, "Mwalimu, hiki kimeshakanyaga Roma, kinajua njia, wewe kifuate tu." Akacheka, akavaa, akaenda. Sijapanda ndege, Baba, lakini hakuna nchi ambayo soli yake sijashika. Mjerumani namjua kwa kisigino. Mwingereza namjua kwa vile anavyofunga kamba. Basi ndivyo siku zinavyopita, mdomo uko kazini, mimi mwenyewe niko mahali pengine.

Barua hii ni kuhusu huo mdomo. Nimeiandika nikairarua mara tatu. Unajua shule niliachia kidato cha pili, kwa hivyo usinihesabie makosa ya herufi, nihesabie haya mengine. Dada yako, Senje Rasoa, anarudi nyumbani kesho, atakuletea hii pamoja na mzigo uliofungwa kwa taulo ya buluu. Tafadhali usifungue taulo kabla hujamaliza kusoma.

Siku ile tulipogawana vitu vya marehemu ndugu yangu Isaka, uliniuliza mbele ya watu, "Na ule mtambo wake wa gemu uko wapi?" Nikajibu kwamba uliungua. Nilidanganya. Ulikuwa chini ya kitanda changu hapa Dandora, ndani ya hiyo taulo. Nilikuwa nimekuona vile ulivyoangalia godoro lake likiungua, nikajua mtambo ndio utafuata. Wewe ulisema ndio uliomla mtoto wako. Baba, Isaka alichukuliwa na kifua, daktari alituambia sote wawili. Lakini kilichomzuia kufika nyumbani kwa miguu yake si kifua, na si mtambo. Ngoja nieleze polepole.

Huo mtambo si wa kisasa. Ni ile mashine ya kitambo, ya kijivu, unaichomeka kwa TV, halafu unatia kaseti ya manjano. Niliipata katikati ya belo la viatu, imelala kando ya buti za Mholanzi. Nikampelekea Isaka, nikamwambia, "Shika takataka ya Ulaya."

"Manze Elkana," akaniambia, "hii si takataka. Hii unaweza kuifungua uingie ndani."

Nikampa bisibisi. Akanicheka mpaka akakohoa.

Kumbe kuingia ndani ni hivi. Alikuwa na ile kompyuta yake ambayo kioo kinawaka nusu tu. Anachukua gemu ya zamani, anaifungua humo, na ndani hakuna picha, ni namba tu, safu kwa safu, kama zile nambari za nyimbo unazopanga kwenye ubao kanisani. Namba hii ni rangi ya anga, ile ni mguu wa mtu, hizi hapa ni neno. Anabadilisha moja, anajaribu, anabadilisha nyingine. Akimaliza anaitia kwa kaseti, na gemu ya Wajapani inakuwa ya kwetu. Wako watu dunia nzima wanaofanya hivyo kwa mapenzi tu, hawalipwi, wanaandikiana na kusaidiana. Kuna mmoja wa Brazil aliyekuwa akimwita Isaka mwalimu. Mtoto wako, Baba, mwalimu wa Brazil. Kazi hiyo wenyewe wanaiita homebrew.

Na hapo ndipo mdomo wangu ulipoingia. Unakumbuka ile Krismasi ya mwisho, nimekaa katikati ya wazee wa kanisa, nimeshika kikombe, najisifu: "Isaka wetu anafanya homebrew, na mpaka Brazil wanaijua!" Yule mzee wa kwanza upande wa kulia akauliza hiyo ni kitu gani. Ningesema ni gemu. Lakini mimi nipate watu wananisikiliza niseme kitu kidogo? Nikasema, "Ni ile ya kupikwa nyumbani, mzee!"

Wewe hujawahi hata kunusa pombe ya busaa. Uliweka kikombe chini taratibu, ukatoka nje. Nilikuwa bado nacheka uliposema Isaka asikanyage boma lako mpaka aache kupika chang'aa. Gikomba niliisimulia hiyo hadithi mwezi mzima, watu wakashika mbavu. Isaka hakucheka.

"Mpigie mzee umweleze," nikamwambia.

"Kama anaweza kuamini mimi napika chang'aa, nimweleze nini?"

Shingo moja, wewe na yeye. Ngumu.

Tangu hapo akaanza gemu yake mwenyewe, akiijenga juu ya ile ya zamani ya Wajapani. Kuna kijana mwenye begi mgongoni, anaenda nyumbani. Anaanzia hapa kwetu, anaruka wale korongo wenye upara wanaosimama kwenye jaa. Anapita Gikomba, mabelo yanamwangukia. Anafika kwa miwa, anakwepa trekta. Anavuka mto wetu kwa mawe. Mwisho kabisa kuna lango, na langoni amesimama mzee mwenye kofia.

Huyo ni wewe. Kwa mashine hiyo mtu mzima ni vidoti kumi na sita kutoka unyayo hadi utosi. Kofia yako ilipata vinne, na kwa hivyo vinne Isaka alitaka ionekane imekunjika upande wa kushoto. Wiki mbili, Baba! Ananiita, "Hii ni kofia ya mzee?" Naangalia, "Hii ni sufuria." Anafuta. "Na hii?" "Hii ni sufuria imekunjika." Siku aliyoipata nilisimama, karibu nikuamkie.

Maneno nayo yana sheria yake. Kila neno la zamani lina nafasi zake. Ukitoa herufi tisa, urudishe tisa. Ukizidisha hata moja, inamwagikia kwa jirani na kuharibu kitu kingine. Ukishindwa, gemu ilikuwa inaandika GAME OVER. Hizo ni nafasi tisa, pamoja na ule uwazi wa katikati. Isaka akahesabu kwa vidole siku nzima, halafu akaruka kutoka kitandani: "POLE SANA! Ni tisa! Inaingia kama kiatu!" Jirani yetu Mama Wanjiru, anayeuza mandazi pale kwa geti ya ploti, alikuwa anakuja kucheza kila alasiri akishamaliza kuuza. Kila siku anatumbukia mtoni. Kioo kinamwandikia POLE SANA, naye anajibu, "Asante, sasa nitoe huku majini!" Tulicheka sana kwa hicho chumba.

Sasa nifike pale ninapoogopa.

Wakati mahindi yanakauka nilikupigia, nikakueleza ukweli, nikatumia mfano wa ubao wa nyimbo. Ukasema, "Kumbe." Kisha ukasema, "Basi mwambie aje tuvune. Mwambie mimi nimesema aje nyumbani."

Nilikimbia na hilo neno, Baba, kweli nilikimbia. Nikamkuta ameinamia kompyuta. Na badala ya kumpa vile ulivyonipa, nikaanza utani. "Mzee ameita," nikamwambia. "Anasema uje. Anakungoja langoni na fimbo ya ng'ombe."

Akageuka. "Amesema hivyo?"

"Hivyo hivyo," nikasema, navua viatu, naulizia chai.

Nilikuwa nimwambie ukweli baada ya chai. Mteja akapiga simu, nikatoka, niliporudi tukaongea mengine. Nikajiambia ananijua, anajua mimi huwa naongeza chumvi. Wewe ukauliza mbona haji, nikakujibu ana kazi. Wiki ya pili kifua kikambana. Jumatano tukampeleka hospitali. Ijumaa adhuhuri nilikuwa nimemshikia kikombe cha uji, na hakukihitaji tena.

Akaja nyumbani kwa gari la maiti, na wewe ulikuwa umesimama langoni, kofia mkononi.

Kabla ya kusafiri, watu wa ploti walikuja kukaa nasi. Mama Wanjiru akanishika mkono akaanza, "Pole..." Akakwama hapo hapo.

Niliporudi hapa nikaifungua gemu, nikacheza mpaka mwisho. Ilinichukua siku nne, mimi na vidole hivi vya kuvuta kamba za viatu. Nikafika langoni. Mzee akafungua mdomo, kisanduku cha maneno kikatokea, na ndani hamna kitu. Cheupe. Nikadhani Isaka hakuwahi kumaliza, nikasema nitamalizia. Pale zamani paliandikwa CONGRATULATIONS, pongezi ya mshindi, nafasi kumi na tano. Nikaandika KARIBU NYUMBANI ISAKA. Baba, ilimwagika. Lango lote likapotea, mzee akabaki amesimama hewani. Nililia kwa ajili ya lango la vidoti, mtu mzima. Bahati yeye alikuwa anaweka nakala.

Ndipo nikafungua daftari lake nitafute msaada. Kwenye ukurasa mmoja ameorodhesha maneno na hesabu zake. HONGERA SANA, kumi na mbili, limekatwa. UMEFIKA MWANANGU, kumi na sita, kando ameandika "moja imezidi, haki ya nani." Chini yake: KARIBU NYUMBANI, kumi na tano. "Inatosha kabisa. Nisiweke. Mpaka mzee aseme mwenyewe."

Na chini kabisa, kwa kalamu nyingine: "Elkana anasema fimbo. Basi, tungoje."

Baba, wewe ulikuwa umeshasema. Neno lako lilitoka nyumbani likafika Dandora, likafika mpaka mlangoni kwetu, na mimi nikatoa herufi zako nikaweka zangu. Alikufa akingoja kitu nilichokuwa nacho mfukoni. Sikukuambia siku ya mazishi kwa sababu watu walikuwa wananisifu jinsi nilivyomlea ndugu yangu mjini, na nikawaacha wanisifu.

Mashine na kaseti ziko ndani ya taulo. Mwalimu wa kwaya ana TV ya zamani, ile ya mgongo mrefu. Hiyo ndiyo inayoelewana nayo. Ukitaka kuichoma, ichome, sina mdomo wa kukukataza. Lakini iangalie kwanza, hata kama ni Mama atakayecheza na wewe ukae kando ukijifanya unasoma Biblia.

Yale maneno ya langoni kwa sasa najua kuyaweka, ni kazi ya dakika tano. Sijayaweka. Mimi si mwenye boma. Siwezi kumkaribisha mtu kwa lango lako. Kama unataka yawe yako, mwambie Senje kabla hajarudi huku neno moja tu, "weka", na umrudishie kaseti. Hilo nitalifikisha lilivyo, bila kuongeza, bila kupunguza. Na kama kuanzia leo mimi ndiye nisikanyage boma, mwambie hilo pia. Nitaelewa.

Msalimie Mama, umwambie nakula vizuri. Msalimie nyanya yetu Kukhu, anayeniita Redio, umwambie redio imezimwa kidogo. Dada yetu Nafula huko alikoolewa, na shemeji, na yule mtoto wao mpya ambaye bado sijambeba. Na yule mzee wa kwanza kulia, tafadhali mweleze homebrew ni nini. Mimi nilishindwa.

Mwanao uliyebaki naye,
Elkana

Nimesahau kukuonyesha kucheza. Kidude cha kulia ni cha kuruka, cha kushoto ni cha kutembea. Kwa mto usiharakishe, jiwe la tatu linateleza. Utatumbukia tu, kila mtu hutumbukia, na kioo kitakuandikia POLE SANA. Usikasirike, Baba, na usizime. Huyo ni Isaka anakupa pole.