Kona ya Kioo

Shoga, acha kila kitu usome.

Dada mwalimu kafungia funguo garini, mtoto yumo kiti cha nyuma, jua linachoma! Jirani fundi seremala akaja mbio, akapiga dirisha la dereva katikati. Wapi! Nyundo inadunda tu.

Fizikia ikampanda dada: "Katikati kioo kinanesa! Piga kona!"

Jamaa akatimka na nyundo, akapiga kona ya jengo, akapotea. Shoga, AKAPOTEA. Na nyundo!

Dada akaokota patasi aliyoiacha fundi, akaiweka kwenye pembe ya kioo, akaigonga kwa jiwe. Mara moja tu! Kioo chote chembechembe kama chumvi ya mawe. Mtoto mzima, anacheka.

Ndipo fundi akatokea upande wa pili, anahema: "Mwalimu, kona zote nne nimepiga. Sasa?"