Kompyuta Yetu Ilishikwa na Homa

Ijumaa jioni, Kibirichia. Jua halijatoka leo hata kidogo. Ukungu ulishuka asubuhi kwenye mashamba ya viazi na mpaka saa hizi haujaondoka. Nimevaa sweta mbili na soksi za bwanangu, na vidole bado vinaniuma kwa baridi.

Nina furaha na nina aibu. Sijui nianze na ipi. Wacha nianze na hasira, kwa sababu ndiyo niliyoshinda nayo wiki nzima.

Shajara, wewe unanijua, lakini kama kuna mgeni amepita hapa leo, habari ndiyo hii. Mimi nafanya kazi Nairobi, ya kupokea simu za wateja. Binti yangu Kendi, wa miaka sita, anaishi hapa Kibirichia na mama mkwe wangu, kwa sababu bwanangu yuko Isiolo kwenye ujenzi na mimi zamu zangu haziruhusu kulea mtoto. Namwona Kendi wikendi moja kwa mwezi. Basi nikapata nafasi ya kujaribiwa kazi ya mtandaoni: unasikiliza watu waliorekodiwa wakiongea Kimeru, unaandika walichosema neno kwa neno. Ni kazi ya kufanyia nyumbani. Yaani hapa, mtoto akiwa chumba kile kingine. Ili wanichukue, nilitakiwa kuandika rekodi arobaini na kuzituma kabla ya leo saa kumi jioni. Nikaomba likizo ya wiki moja, nikaja. Jumapili natakiwa kurudi.

Kompyuta ipo. Bwanangu aliinunua kwa ofisi fulani iliyokuwa inafungwa, ile ya mezani, yenye CPU kubwa kama sanduku la shule. Imewekwa sebuleni, na kwa kuwa sebule ni ya mama mkwe wangu, imevishwa. Hapa kwake kila kitu kimevaa kitambaa cha kufuma: viti, redio, chupa ya chai, hata ile saa ya ukutani ina kitambaa chake. Meza ya kompyuta ina kitambaa kinachofika sakafuni, na CPU iko huko chini, haionekani. Mimi huiwasha kwa kidole gumba cha mguu. Hata kuinama siinami.

Jumatatu saa nne asubuhi, nikiwa rekodi ya tatu, pap! Ikazima.

Nikasema ni stima. Nikaangalia juu, balbu inawaka. Nikaiwasha tena, ikaamka vizuri, ikanilaumu eti sikuizima inavyotakiwa. Mimi! Na ile rekodi niliyokuwa nimeifikisha katikati ikawa imepotea, kwa sababu mtambo wao hauhifadhi chochote mpaka umalize rekodi nzima. Nikaanza upya. Baada ya saa moja, pap.

Jumanne nilibadilisha soketi. Nikabadilisha ekstensheni. Nikaenda kwa jirani kuazima waya wa pawa, na huyo jirani akanipa na maoni yake, kwamba kompyuta za mitumba ni kama punda wa mnada. Sikumwomba maoni. Ilizima mara sita siku hiyo. Nilikuwa nimefikisha rekodi kumi na moja tu, na zile ndefu zilikuwa bado.

Jumatano nikampigia Makena. Huyu tulisoma naye sekondari, siku hizi ana duka la kutengeneza kompyuta pale Makutano, mjini Meru. Ni fundi wa kweli, haongei sana. Aliniuliza swali moja: je, inakuandikia kwanza kwamba inazima, ama inakatika tu? Nikamwambia inakatika tu. Akasema basi ni pawa ama ni joto.

"Joto Kibirichia?" nikamwambia. "Makena, hapa mafuta ya kupikia yanaganda kwenye chupa!"

Akacheka. Mimi pia nikacheka, na hapo nikalitupa hilo jibu nje ya dirisha. Nakiri hapa, mtu aliniambia ukweli siku ya tatu na nikamfanyia mzaha.

Kisha nikamuuliza kuhusu virusi. Nilikuwa nimesimama katikati ya sebule, na mama mkwe wangu ameketi karibu na mlango anamenya viazi. Nikasema kwa sauti, kwa ile hasira yangu, "Kwa hivyo inawezekana kompyuta ina virusi?" Mama akainua macho, akaiangalia ile meza, akarudi kwenye viazi vyake.

Mchana huo ikawa inazima kila baada ya dakika ishirini, nikawa naandika zile fupi tu mpaka usiku, zikafika ishirini.

Jana asubuhi nilikata shauri kuipeleka kwa Makena. Nilienda kumsindikiza Kendi shule, na kurudi nikamkuta Mama ameshaitoa CPU chini ya meza, ameipangusa vumbi lote, ameitia kwenye katoni na kuifunga kamba. Alinisindikiza mpaka barabarani. Akaniambia niwaambie huko waiangalie vizuri. Nilidhani ni upole tu. Kusema kweli, sijawahi kumwelewa vizuri huyu mama. Ni mtu wa maneno machache, na kwa miaka yote hii nimekuwa nikiamini moyoni mwangu kwamba angependa nibaki huko huko Nairobi, yeye abaki na mjukuu wake kwa amani.

Hilo sijawahi kuliandika mahali.

Kwa Makena, kompyuta ikakataa kuugua. Aliifungua, akapuliza vumbi kwa mashine yake, akapaka ile dawa ya kupoza juu ya moyo wake, yaani ile chipu kubwa, akaifunga na kuiacha ikifanya kazi ngumu. Saa moja. Saa mbili. Saa tatu. Feni inazunguka, skrini inawaka, hakuna pap. Wateja wanaingia na kutoka, mimi nimekaa kwenye stuli naitazama kama mtu anayengoja maziwa yachemke. Makena akaniambia, "Mama Kendi, hii iko sawa. Nenda ufanye kazi." Nilirudi nyumbani nikiimba. Nikaifunga waya zake, nikaandika rekodi tisa mpaka jioni bila tatizo. Zikabaki kumi na moja.

Nilimwambia Mama kwamba fundi amesema ilikuwa imejaa vumbi, lakini tungoje tuone kama imepona kabisa. Hayo ndiyo maneno niliyotumia. Kama imepona kabisa.

Leo saa mbili asubuhi nimekaa, nimebonyeza kwa kidole cha mguu. Dakika kumi na mbili, pap.

Nikawasha tena. Dakika nane.

Nililia. Siandiki hapa ili nihurumiwe, naandika kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Niliweka kichwa juu ya kibodi na nikalia, maana rekodi kumi na moja ni kazi ya saa sita, na kwa dakika nane nane hata moja haiishi. Nilishaona Jumapili imefika na mimi niko stendi na begi langu, na Kendi anakataa kunitazama, maana siku hizi amejifunza kunikasirikia mapema ili asilie mwishoni.

Nikampigia Makena. Akasema, "Ilikuwa sawa hapa kwangu saa tatu nzima. Basi tatizo si kompyuta, tatizo liko hapo nyumbani. Ebu weka mkono nyuma ya CPU. Unahisi upepo?"

Nikainama kwa mara ya kwanza wiki hii. Nikapenyeza mkono chini ya kitambaa cha meza, nyuma kabisa, nikapapasa.

"Nahisi shali," nikasema.

"Unahisi nini?"

Niliinua kitambaa. CPU ilikuwa imefungwa shali ya mtoto, ile nzito ya manjano aliyobebewa Kendi, imezungushwa mara mbili na kupachikwa vizuri pembeni kwa pini ya nepi. Juu ya shali, sweta. Nyuma, pale feni inapotolea hewa, soksi imesukumwa kuziba matundu. Uso tu ndio ulioachwa wazi. Nilipogusa chuma kilikuwa kinachoma.

Hapa ndipo aibu inapoingia.

Nilimfokea. Nilitoka na ile shali mkononi mpaka jikoni, lile la nje, Mama alikuwa anakoroga uji, na nikamfokea mama mkwe wangu mbele ya moto wake. Nilimuuliza kama alitaka nishindwe. Nilimuuliza kama ndivyo alivyopanga, niende zangu Nairobi wabaki na raha zao. Maneno hayo yalitoka kwa kinywa changu, shajara, kwa mwanamke ambaye ameniogeshea mtoto kila jioni kwa miaka minne.

Aliepua uji, akaufunika. Alinitazama, si kwa hasira. Kisha akaongea, kwa Kimeru, na mimi nayaweka hapa kwa Kiswahili kama nilivyoyasikia.

"Ilikuwa inahema," akasema. "Nilipita usiku wa Jumapili, siku uliyofika ukaijaribu, nikaisikia inahema huko chini. Nikaigusa, ina joto. Nikaifunika na sweta. Jumatano ukasema mwenyewe ina virusi. Mtu wa homa hufunikwa atoe jasho, Mama Kendi. Hata Kendi nilimponya hivyo. Nikaona ikizidi, nikaongeza shali. Jana umetoka nayo kwa fundi ukasema tungoje kama imepona, nikasema leo baridi ni kali, isije ikarudiwa, nikaifunika tena."

Akapangusa mikono kwa leso.

"Nilitaka ipone ukae."

Mimi nilikuwa nimesimama na shali. Nilisema, "Mama, nisamehe," na yeye akaichukua ile shali mkononi mwangu, akaikunja vizuri, akaniambia uji utapoa.

Nilipomweleza kwamba kompyuta yenyewe haina homa, kwamba kuhema kule ni feni inatoa joto nje, na kwamba tukiifunika inazidiwa inajizima isiungue, aliweka mkono mdomoni. "Uuui! Kumbe nilikuwa naisonga pumzi!" Na akaanza kucheka. Mama huyu simjui kwa kucheka. Alicheka mpaka akashika mlango, na mimi nikashikwa na kicheko, machozi yangu ya asubuhi yakaungana na haya mengine.

Sasa saa ilikuwa tatu na nusu. Tuliibeba CPU sote wawili, tukaiweka juu ya meza, wazi, bila kitambaa hata kimoja, karibu na dirisha lililofunguliwa. Mimi nikijikunyata kwa baridi, yeye akachukua kipande cha katoni, kile anachopepea nacho jiko, akaketi nyuma ya kompyuta na kuanza kuipepea. Nilimwambia si lazima, feni inatosha. Akaniambia niandike.

Alipepea saa nzima kabla ya kuamini.

Baadaye alivuta kiti akakaa kando yangu, nikaongeza sauti ili asikie. Rekodi za mwisho zilikuwa za mzee mmoja wa upande wa Tigania, Kimeru cha ndani kabisa. Mimi nimezaliwa Meru mjini, kuna maneno yanayonipita. Mzee akasema neno fulani kuhusu kufunga ng'ombe, nikalirudia mara nne, silipati. Mama akalitamka polepole, akanieleza maana yake, ni ile kamba ya kumfunga ndama pembeni mama yake akikamuliwa. Akanisahihishia maneno saba kwa jumla. Tulisahau chakula cha mchana, tukala viazi vya jana vikiwa baridi. Kompyuta ilikaa macho saa sita bila kukohoa.

Saa tisa na dakika arobaini na sita nilibonyeza kutuma. Zote arobaini. Ikaandika kwamba zimepokelewa, na jibu litakuja Jumatatu.

Jumatatu. Na mimi natakiwa kuwa Nairobi Jumapili.

Sikuwa nimelifikiria hilo. Wiki nzima nilikuwa napigana na mashine, sikuwa nimetazama kalenda. Nikisafiri Jumapili nitapata jibu nikiwa kwenye zamu, na najijua: hata likiwa zuri nitasema wacha nimalize mwezi, kisha wacha nimalize mwaka. Nimeshafanya hivyo mara mbili na mambo mengine.

Kendi alirudi kutoka shule saa kumi na nusu. Ana desturi yake nikiwa likizo. Akifika tu, hata kabla ya kuvua begi, anauliza, "Umebakisha ngapi?" Na mimi namnyoshea vidole kulingana na siku zilizobaki. Jana vilikuwa vitatu. Leo vilitakiwa kuwa viwili, na tayari alikuwa amenuna akivingoja.

Sikunyosha vidole. Nilimwambia kuna barua tunaingoja Jumatatu.

"Jumatatu utakuwa hapa?" akauliza.

Mama alikuwa mlangoni anasikia. Simu yangu ilikuwa mezani, sijaongea na msimamizi wangu, sijaomba siku hata moja ya ziada, na sijui atasema nini nikimpigia sasa hivi.

"Nitakuwa hapa," nikamwambia.

Akavua begi.